Kichaka cha miba nyuma ya nyumba: je, ni mtufaha mwitu wa asili?

*"Mwaka jana tulihamia nje kidogo ya Columbus, Ohio. Nyuma ya nyumba, kati ya msitu mdogo na uwanja wa jirani, kuna kichaka cha miti mifupi yenye miba. Mwezi Mei ilitoa maua ya rangi ya waridi yenye harufu nzuri mno, wakati mitufaha ya jirani ilikuwa imeshapukutisha maua yake. Sasa ni Septemba. Matunda bado ni ya kijani, magumu, makubwa kama ndimu, ukiyashika yanakuachia kitu kama nta mkononi, na ukali wake unakunja uso. Majani yana madoa ya rangi ya chungwa. Jirani, mzee mwema sana, anasema ni mitufaha ya Johnny Appleseed iliyogeuka mwitu, tena ni migonjwa, bora tuikate kabla haijaambukiza yake. Mume wangu yuko upande wake, hasa baada ya mwanetu kuchomwa mwiba gotini wiki iliyopita. Mimi nimesoma kwamba kuna mtufaha wa asili kabisa wa Marekani. Nitajuaje kama ndio huu? Nikate au niache? Na matunda yanalika? Nimeambatanisha picha tatu."*

Dada yangu, asante kwa picha, ingawa kilichonisaidia zaidi ni sentensi yako moja: kwamba maua yalitoka wakati mitufaha ya jirani imeshamaliza. Wengi hawaangalii hilo. Kwa maelezo yako, naona mnao *Malus coronaria*, mtufaha mwitu wa asili wa maeneo ya Maziwa Makuu ya Amerika na bonde la mto Ohio. Naona, siapi. Picha zako zinaonyesha tunda na jani, lakini ua, ambalo ndilo shahidi mkubwa, halimo. Shoka likae stoo kwanza.

Tuanze na goti la mtoto, maana mti unaweza kusubiri. Kama mwiba ulitoka wote na kidonda kimefunga, hakuna neno. Ila ncha ya mwiba wa mti ikibaki ndani ya kiungo inaweza kuleta uvimbe na maumivu hata baada ya wiki kadhaa, wakati kila mtu ameshasahau. Goti likivimba, likipata joto au akianza kuchechemea, mpelekeni kwa daktari na mseme waziwazi kwamba alichomwa na mwiba wa mti, kwa sababu mara nyingi mwiba hauonekani kwenye eksirei. Angalieni pia kama chanjo yake ya pepopunda haijapitwa na wakati.

Neno moja kuhusu jina, tusije tukapotezana. Kwa mtu wa Unguja au Mombasa, tofaa ni lile tunda jekundu lenye maji mengi na harufu kama ya marashi. Lile si ndugu wa tufaha la Ulaya hata kidogo. Liko jenasi moja na mkarafuu. Ninaposema tufaha hapa nina maana ya epo, tunda la ukoo wa waridi.

Sasa tuje kwa jirani yako. Mzee ana nusu ya habari. Johnny Appleseed alikuwa mtu wa kweli, jina lake John Chapman, alizaliwa 1774 na kufariki 1845, na kweli alipanda vitalu vya mitufaha Ohio na Indiana. Lakini mbegu alizobeba zilitoka kwenye mashinikizo ya juisi kule Pennsylvania, yaani zilikuwa mbegu za tufaha la kawaida, *Malus domestica*. Asili ya tufaha hilo ni milima ya Tian Shan, upande wa Kazakhstan, nalo lilifika Marekani na walowezi wa Ulaya. Mtufaha wa asili ulikuwa Ohio karne nyingi kabla Chapman hajazaliwa. Kwa hiyo kama kichaka chenu ni *coronaria*, hakina deni lolote kwake.

Hapa ndipo watu wengi hujikwaa, hata wenyeji wa Marekani wenyewe. Mti kuota mwituni na mti kuwa wa asili ni mambo mawili. Fikiria mpera. Ukipita Muheza au Korogwe utauona kila kichaka, ndege wameusambaza, hakuna aliyeupanda, na ukimuuliza mtoto atakuambia mpera ni mti wetu tangu zamani. Lakini ulitoka Amerika ya joto. Pembezoni mwa barabara za Ohio hali ni hiyohiyo: mtu anatupa kiini cha tufaha dirishani, mbegu inaota, na baada ya miaka 15 kuna mti wenye matunda madogo machungu ambao kila mpita njia anauita wa mwituni. Ni wa mwituni kweli. Wa asili siyo.

Je, unatofautishaje? Ukubwa wa tunda hautoshi, na ndiyo alama ambayo watu huikimbilia kwanza. Mbegu ya tufaha la dukani haizai mti unaofanana na mama yake, kwa hiyo mti uliojiotea unaweza kutoa matunda madogo na makali kama yenu. Rangi na ngozi ndizo zinazosema zaidi. Tunda la *coronaria* hubaki kijani au kijani-manjano hata likiiva kabisa, upana wake ni kama sentimita 2.5 hadi 4, na ngozi yake ina ile nta uliyoitaja, kama limepakwa mafuta. Huning'inia kwenye kikonyo kirefu chembamba, na huanguka chini likiwa bado gumu. Kwa hiyo ndimu zako zenye nta ni dalili nzuri sana. Matunda yangekuwa mekundu, madogo kama njegere au cheri, yakabaki mtini wakati wa theluji, ningekuambia ni mti wa mapambo wenye asili ya Asia uliotoroka bustanini kwa mtu.

Nenda kwenye majani, lakini usitazame yale yaliyo karibu na matunda, maana yanadanganya. Tafuta chipukizi refu la mwaka huu, lile lililopanda juu kwa nguvu au lililotoka chini kwenye mzizi. Kwenye mtufaha wa asili, jani la chipukizi hilo lina umbo la karibu pembetatu, meno makubwa yasiyolingana, na mara nyingi pembe mbili tatu zilizojitokeza karibu na kitako chake. Jani la tufaha la kawaida ni zima, halina pembe, meno yake ni madogo yaliyopangana, na upande wa chini lina manyoya laini. Picha yako ya pili inaonyesha jani moja lenye pembe, ila sioni limetoka tawi gani. Nipigie picha tena, safari hii chipukizi zima. Kuna mtufaha wa Japani, *Malus toringo*, ambao nao una majani yenye pembe, lakini matunda yake hayafiki hata sentimita moja, na kile kitako cha ua kinachobaki upande wa pili wa kikonyo huanguka chenyewe. Kwenye matunda yenu kitako hicho kipo, nimekiona.

Mwezi wa nne, vichipukizi vikianza kufunguka, kuna alama ambayo mimi naipenda kuliko zote, na haihitaji kifaa chochote ila macho. Jani changa la mtufaha wa asili hutoka limekunjwa katikati, kama kitabu kilichofungwa. Jani changa la tufaha la kawaida hutoka limeviringishwa kama mkeka. Nafasi ya kuliona hilo ni siku chache tu, kisha jani linatanuka na siri imefungwa hadi mwaka ujao.

Halafu Mei, ua. Likiwa limefunguka asubuhi hiyohiyo, angalia vile vifuko vidogo vya chavua katikati. Vya *coronaria* ni vya rangi ya waridi inayoelekea chungwa. Vya tufaha la kawaida na mitufaha mingi ya Asia ni vya manjano hafifu. Usingoje siku ya pili, vinakauka na kuwa vya kahawia vyote, na hapo hata mimi sitaweza kukusaidia. Harufu uliyoisifia inalingana, na kuchelewa kwa maua kunalingana pia, kwa sababu mti huu huchanua majani yakiwa yameshatoka, siku kadhaa baada ya mitufaha ya mashambani.

Kuhusu miba, ikague kwa karibu. Mwiba wa mtufaha ni tawi fupi lililoishia ncha kali. Ukilitazama vizuri utaona juu yake vichipukizi au makovu ya majani. Mti wa *Crataegus*, ambao umejaa kote Ohio na ndio unaochanganywa zaidi na huu, una miba halisi: mirefu, laini, isiyo na kitu juu yake, kama sindano ya kushonea magunia. Ukikata tunda la *Crataegus* kisu kinagonga kokwa ngumu. Ukikata la mtufaha kwa upana unakuta nyota ya vyumba vitano na mbegu za kahawia ndani. Jaribio la nusu dakika, na linamaliza ubishi wote wa mwituni.

Mwingine wa kuuogopa ni mpeasi wa Kichina, *Pyrus calleryana*. Una miba, unaunda vichaka, umeenea kama moto kwenye mashamba yaliyoachwa, na tangu Januari 2023 Ohio imepiga marufuku kuuuza au kuupanda. Ila maua yake ni meupe, hutoka mapema kabisa majira ya kuchipua na kunuka vibaya, kama samaki wa jana, na matunda yake ni vigololi vya kahawia. Mimi mwenyewe, miaka ya mwanzo hapa, niliwahi kuupita mwezi wa tatu bila maua wala majani nikautangaza kuwa mtufaha wa asili mbele ya wanafunzi. Wiki mbili baadaye pua zao zilinisahihisha. Ndiyo maana nakwambia tungoje Mei.

Mahali ulipoota nako kunasema. Mtufaha huu si mti wa msitu wenye kivuli, wala si wa uwanda ulio wazi kabisa. Ni mti wa mpakani: msitu unapoishia na shamba linapoanza, kando ya vijito, kwenye uzio wa zamani wa mashamba, kwenye malisho yaliyoachwa. Unataka jua. Miti mikubwa ikiupita na kuufunika, unaacha kuzaa na baadaye unakufa polepole umesimama. Unastahimili udongo mzito wa mfinyanzi wenye unyevu, na Ohio ina udongo huo tele. Mizizi yake hutoa machipukizi pembeni, mti mmoja unakuwa kumi, na miba inazuia ng'ombe na kulungu kula katikati ya kichaka. Ukiniambia kuna mti mmoja mrefu umesimama peke yake katikati ya nyasi zilizofyekwa, nitauliza nani aliupanda. Ukiniambia kichaka cha miti ya mita nne hadi nane kati ya msitu na uwanja, naanza kuamini.

Ungekuwa unaandika kutoka Iowa ningekuelekeza kwa ndugu yake, *Malus ioensis*, ambaye chini ya jani ana manyoya mazito majira yote. Kusini-mashariki kuna *Malus angustifolia* mwenye majani membamba, na pwani ya Pasifiki, kutoka Alaska hadi California, kuna *Malus fusca*. Hao wanne ndio wa asili wa Amerika Kaskazini.

Lazima nikuambie pia jambo ambalo linaweza kuvuruga hesabu yetu. Mtufaha wa asili na tufaha la kawaida vinaweza kuzaana, na nyuki hawaulizi kabila. Kuchelewa kwa maua kunapunguza mchanganyiko huo bila kuuzuia. Watafiti wa Ontario waliopima mbegu za *coronaria* walikuta nyingi zinaundwa bila yai kurutubishwa, yaani ni nakala ya mama, lakini nyingine zilikuwa chotara. Jirani yako ana mitufaha karibu, kwa hiyo siondoi uwezekano kwamba mti mmojawapo pale ni mchanganyiko. Dalili zake ni kugongana kwa alama: jani lenye pembe lakini vifuko vya manjano, au tunda la kijani lenye shavu jekundu. Ikitokea hivyo, macho hayatoshi, mpaka maabara.

Sasa hayo madoa ya chungwa, ambayo naona ndiyo yanawatia hofu. Huo ni ugonjwa wa kutu, unaletwa na kuvu aitwaye *Gymnosporangium juniperi-virginianae*. Jina refu, lakini maisha yake yanapendeza kuyajua. Kuvu huyu hawezi kuishi kwa mtufaha peke yake. Anahitaji miti miwili ya aina tofauti, zamu kwa zamu. Mti wa pili ni *Juniperus virginiana*, ambao Wamarekani huuita mwerezi, lakini ni ndugu wa damu wa mtarakwa wetu wa Usambara na Kilimanjaro. Kwenye mti huo kuvu hutengeneza uvimbe wa kahawia kama jiwe dogo, na mvua za majira ya kuchipua zikinyesha, uvimbe unatoa pembe za utelezi za rangi ya chungwa. Mtu akiziona mara ya kwanza hudhani ni mdudu wa baharini aliyekwama mtini. Vimbegu vyake hupeperushwa na upepo hadi kwenye majani ya mtufaha na kufanya madoa uliyoyaona. Mwisho wa kiangazi, vimbegu vingine kutoka chini ya majani hayo hurudi kwa yule ndugu wa mtarakwa.

Umeona maana yake kwa jirani? Kutu hii haitoki mtufaha hadi mtufaha. Miti yenu haiwezi kuambukiza yake moja kwa moja, hata matawi yakigusana. Kama mitufaha yake ina madoa, ameyapata kutoka kwa *Juniperus* aliyeko jirani, na yenu imeyapata hukohuko. Wala kukata *Juniperus* mmoja hakutasaidia sana, kwa kuwa vimbegu husafiri mbali. Mitufaha ya asili hushikwa na kutu kirahisi kuliko mingi ya mapambo kutoka Asia, na mara chache sana mti hufa kwa ajili hiyo. Kwa mti wa kichakani sipendekezi dawa. Kwanza dawa hufanya kazi kabla ya maambukizi, maua yakiwa bado tumba, kwa hiyo kupuliza Septemba ni kumwaga fedha.

Ugonjwa ambao ningeuogopa ni mwingine kabisa: ncha za matawi kunyauka ghafla, kuwa nyeusi kama zimebabuka na moto, na kupinda kama mkongojo. Hao ni bakteria, *Erwinia amylovora*, na hao kweli huhama kutoka mtufaha hadi mtufaha na hata mpeasi. Picha zako hazionyeshi hilo. Mkiliona, kateni tawi sentimita 30 hivi chini ya sehemu iliyooza, siku kavu, msafishe mkasi kila baada ya kukata, na mwite mtaalamu.

Nikate au niache? Ningekuwa mimi ningeacha, ingawa shamba ni lenu na mtoto ni wenu, na hoja ya mumeo si ya kupuuzwa. Ila kabla hajashika shoka ajue ukweli huu: ukikata mti huu bila kung'oa mizizi, utachipua pande zote, na machipukizi machanga yako kwenye kimo cha goti la mtoto hasa. Njia ya katikati ipo. Mwisho wa baridi, Februari au Machi mwanzoni, punguzeni upande unaotazama uwanja, ondoeni matawi yote yaliyo chini ya kimo cha mtu mzima, na kateni machipukizi yanayovuka mstari mtakaouchagua. Kufyeka nyasi kandokando kila wiki kutazuia machipukizi mengine. Upande wa msituni uachwe ulivyo. Kulungu, mbweha na ndege wanayategemea matunda na kivuli chake. Baada ya kazi okoteni matawi yote yaliyokatwa, kwa kuwa miba mikavu kwenye nyasi ni mibaya kuliko ile ya mtini.

Matunda yanalika, lakini si ya kutafuna. Yana asidi nyingi na pektini nyingi, ndiyo sababu walowezi waliyapikia jeli na jemu. Yachemshe na maji kidogo hadi yalegee, yachuje kwa kitambaa bila kukamua, kisha pika maji hayo na sukari. Mimi hutia kijiko cha maji yake kwenye samaki wa kupaka ninapokosa ukwaju, wapishi wa Tanga wanisamehe. Achari yake pia haina kasoro. Mbegu zitupe, msizitafune wala kuzisaga: kama mbegu za tufaha lolote, zina amigdalini, kitu ambacho kikivunjwa hutoa sianidi. Mtoto akimeza mbili tatu nzima hakuna hatari. Akitafuna nyingi, pigeni simu kituo cha sumu cha Marekani, 1-800-222-1222, wakati wowote. Na ngojeni hadi tuwe na uhakika wa mti kabla ya kuijaza sufuria.

Mkitaka mtu aje au aone kwa macho yake, Chuo Kikuu cha Ohio State kina ofisi za ugani kwenye kaunti, mabwana shamba wa huku, na hupokea sampuli. Peleka chipukizi refu lenye majani, tawi lenye miba na matunda mawili matatu, vyote kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki huozesha.

Kwa upande wangu nitasubiri Mei. Siku ua la kwanza litakapofunguka, piga picha kabla ya saa nne asubuhi, kamera ikitazama katikati ya ua na jua likiwa mgongoni kwako, ukiweka kando yake ua la mtufaha wa jirani kama bado analo hata moja. Akikuuliza la nini, mwambie aje aangalie naye.